Nimepoteza ufadhili wa chuo cha Marekani kwa maneno matatu tu: "usiku wa Jumatatu"

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo, na ninyi mnaosoma nyuzi kimyakimya bila hata kuacha like, nawaona.

Haya ninayoyaandika yametokea, na yamenitokea mimi. Sijaongeza chumvi, chumvi tunayo ya kutosha huku kisiwani. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Mafia ni ndogo, ukipiga chafya Kilindoni mtu wa Utende anakwambia "afya".

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa hukuhuku. Mama analima mwani, baba ni marehemu. Nafanya kazi kwenye hoteli ndogo upande wa Utende. Asubuhi nafua mashuka, mchana nakaa mapokezi. Kiingereza shuleni nilipata kidogo, kingi nimekiokota pale mapokezi.

Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Marekani, ndiye aliyeniambia kuna chuo kwao kinafundisha online na kina ufadhili kwa watu wa nchi kama zetu. Nikaomba. Usaili nilifanyia chumba cha kufulia nimejifungia, nimezima mashine ili isingurume katikati ya maswali.

Nikapata, wakuu. Wallahi nikapata!

Mama alilia. Bibi yangu kule Juani, aliyenilea tangu naachishwa ziwa, akachinja jogoo wake wa pekee. Jogoo mwenyewe mkongwe, tulitafuna mpaka taya zikauma.

Sharti lilikuwa moja na halikuwa na chenga. Muhula wa kwanza una masomo mawili, na yote mawili lazima nifaulu. Nikifeli hata moja, nafasi anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Hakuna kurudia.

Masomo yenyewe: historia ya mwanzo ya Marekani, na utangulizi wa takwimu.

Mimi nilitaka kusomea uendeshaji wa hoteli. Sasa makoloni ya Wamarekani na hoteli wapi na wapi? Lakini wenzetu ndivyo walivyo, hata ukitaka kusomea kupika, kwanza ujue nani alishuka na meli gani.

Nikaanza na historia. Mama akawa ananiuliza nasoma nini, namwambia nasoma habari za Wazungu walivyofika kule wakawakuta Wahindi.

"Wahindi?" akasema. "Hao nao walifika mpaka huko? Walikuwa na maduka?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kuwa si hawa wa maduka, ni wenye nchi yao, Mzungu alipotea njia akadhani kafika India, akawapa jina lisilo lao. Mama akatikisa kichwa. "Kwa hiyo yeye ndiye aliyepotea, halafu wao ndio waliobadilishwa jina?"

Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo.

Kuna sehemu zilinishinda kusoma mara moja. Zile za watu kupakiwa kwenye meli. Mimi bibi yangu nyumba yake iko njia ya kwenda magofu ya Kua, na hadithi ya watu wa Kua kuchukuliwa na wavamizi waliotoka baharini nimelala nayo tangu mdogo. Siku niliyosoma sura ile nilifunga simu nikatoka nje, nikaenda kuanua mashuka ambayo hata hayajakauka.

Ila insha moja niliipenda, na nataka muiweke akilini maana tutairudia.

Kumbe zamani zile, walipokuwa bado chini ya Mwingereza, mwaka wao ulikuwa ukianza mwezi wa tatu. Ukikuta barua ya kale imeandikwa Februari ya mwaka fulani, usikimbilie kusema ni mwaka huohuo tunaouhesabu sisi leo. Kwao mwaka ulikuwa haujageuka. Watu wamekosea mambo mengi kwa kutolijua hilo.

Nikaandika kwamba kabla hujamuuliza mtu jambo lilitokea lini, muulize kwanza anahesabuje. Mwalimu wa historia, mzee mmoja wa Kimarekani mwenye miwani, akanipa alama za juu na akaandika pembeni kuwa hilo ni wazo la mtu aliyekomaa.

Nilitembea na hayo maneno wiki nzima kama nimevaa dhahabu.

Takwimu sasa. Ewe Mola.

Wastani nilikuwa naujua. Lakini zile herufi za Kigiriki, ile mikunjo, ile kusema "tuna uhakika kiasi fulani"... Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja, nikimaliza nimesahau hata jina langu.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Kalisti. Huyu ni mtu wa bara, wa kule Songea, kaletwa kufundisha hesabu sekondari. Mpole, mrefu, anatembea kama anaomba radhi kwa ardhi. Nyumba aliyopanga iko karibu na kwetu. Nikamwendea na mama, nikamwomba. Akakubali siku hiyohiyo, akakataa hata kusikia habari ya malipo.

Jamaa alijua kufundisha! Alikuja kwetu, akaziona nazi uani, akazipanga mstari mmoja kuanzia ndogo hadi kubwa. Akanishika mkono akaniweka mbele ya nazi ya katikati. "Hiyo ndiyo median, dada. Sasa nikileta nazi moja kubwa kama pipa nikaiweka mwisho, ya katikati itashtuka?" Nikasema hapana. "Na wastani?" Nikasema huo utapanda. Basi, nikaelewa jambo lililonitesa tangu muhula uanze.

Sasa hapa nitoke nje ya mada kidogo, mtanisamehe, lakini bila hili hamtaelewa kitu.

Mwalimu Kalisti alikuwa na jina lingine hapa mtaani. Alikuwa anaitwa Mwalimu Kiporo.

Alipokuwa mgeni kabisa, mama alimwalika maulidi nyumbani kwetu. Mkristo, lakini jirani ni jirani, na sahani ya pilau haina dini. Mama akamwambia, "Mwalimu, karibu usiku wa Ijumaa." Watu walikuja, tukasoma, tukala, tukatawanyika, Mwalimu hatukumwona.

Kesho yake jioni, huyoo! Kapiga pasi shati, mkononi kabeba mfuko wa sukari. Anakuta mikeka imekunjwa, masufuria yamelowekwa. Tukampashia kilichobaki, akala peke yake sebuleni. Jirani mmoja mwenye domo akasema "Mwalimu kapenda kiporo", na jina likaganda. Mpaka wanafunzi wakawa wanalitumia nyuma ya mgongo wake.

Yeye alikuwa anatabasamu tu. Siku moja alimwambia mama, "Samahani sana kwa ile siku, sijui nilichanganya vipi." Mama akamwambia, "Usijali baba, mgeni ni kipofu." Tukacheka, yakaisha.

Turudi kwenye mada.

Takwimu ilikuwa na kazi ya mwisho iliyobeba alama nyingi kuliko mtihani. Unatafuta jambo la kweli unapoishi, unalipima, unalifanyia hesabu, unaandika ripoti. Mimi nikachagua mwani. Nilipima mwani mkavu wa kina mama wa kikundi cha mama, uliovunwa wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kutoka sana, na uliovunwa siku za maji mafu, bahari ilipolegea. Nilitaka kujua kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu.

Nilipima mwenyewe. Nimesimama juani na mizani mpaka ngozi ya shingo ikababuka. Niliandika mwenyewe. Nasema mapema kwa sababu nawajua, kuna mtu ataanza hapo chini, "alifanyiwa huyo."

Na kufanyiwa nilikuwa na uwezo wa kufanyiwa. Kwenye kundi letu la wanachuo kuna watu walikuwa wanajinadi waziwazi, leta assignment yako, historia, takwimu, chochote, unaletewa imeiva. Mwenzangu mmoja wa nchi nyingine alikuwa hajui hata median ni mnyama gani, kila kitu ananunua. Nilimdharau, wakuu. Nilimdharau sana.

Kazi ilikamilika, ikabaki michoro tu, maana simu yangu ilikuwa inakataa kuichora. Mwalimu akasema atanichorea kwenye laptop yake kwa namba zangu, nikague, kisha nitume mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu. Bibi amefariki.

Sitaandika mengi hapo. Nilivuka kwenda Juani na mama, tukamzika alasiri ileile. Nilikuwa mtu wa kushikwa mkono na kuongozwa.

Jioni ndipo nikakumbuka ripoti. Juani mtandao ni wa kutafuta kama sindano, mpaka upande pale kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Nikapanda, nimejifunga khanga mbili, macho yamevimba. Simu ina chaji ya kuombea dua.

"Dada, pole sana," Mwalimu akasema. "Nimesikia. Pole mno."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Sikiliza, simu inazima. Sitawahi kurudi. Nakutumia neno la siri, chora ile michoro, unitumie kazi chuoni."

"Sawa. Mwisho lini?"

"Usiku wa Jumatatu."

"Usiku wa Jumatatu," akarudia.

"Usiku wa Jumatatu, Mwalimu, tafadhali usinipite. Hapo ndipo penye ufadhili wangu wote."

"Haunipiti, dada. Wewe lia na wenzako, hili niachie mimi."

Nikamtumia neno la siri, simu ikazima.

Watu wa pwani mnaosoma hapa mmeshaelewa. Watu wa bara mnasema "sasa shida iko wapi?" Ngoja.

Chuoni dirisha lilikuwa linafungwa Jumapili, saa sita ya usiku wa kule kwao. Huku kwetu hapo ni alfajiri imeshapita, Jumatatu watoto wanavaa sare. Kwa hiyo mwisho ni ule usiku unaoingia Jumapili jua likizama na kupambazuka Jumatatu. Sasa usiku huo, kwa lugha ya bibi yangu na mama yangu na mimi, unaitwaje? Unaitwa usiku wa Jumatatu! Kwetu siku inaanza magharibi. Usiku unatangulia, mchana wake unafuata. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama. Sijawahi kufikiri kuwa kuna binadamu anahesabu vingine.

Mwalimu Kalisti kwao Songea mchana unatangulia. Usiku wa Jumatatu ni Jumatatu baada ya kula chakula cha jioni.

Basi. Jumapili alikwenda kanisani, akarudi akasahihisha madaftari, akachora michoro yangu taratibu, kwa upendo. Jumatatu jioni akaoga, akakaa, akaingia kwenye mfumo wa chuo.

Umefungwa.

Mimi wakati huo niko Juani, mkekani, nasoma na wenzangu. Jumatatu nzima nilikuwa na amani. Nilikuwa nimefiwa, lakini nilijiambia, bibi, angalau lile jambo lako la jogoo limekamilika.

Jumanne tulivuka. Nikachomeka simu hotelini, ikaanza kulia mfululizo. Meseji zake zote. "Dada, mbona umefungwa?" "Dada, leo si Jumatatu?" "Dada, naomba unipigie."

Nilikwenda kwake sijavua hata baibui. Mama nyuma yangu ananiita, sisikii. Nilimkuta mlangoni, ananisubiri.

"Mwalimu, umenifanya nini? Nilikwambia usiku wa Jumatatu!"

"Na mimi nimeingia usiku wa Jumatatu!"

"Usiku wa Jumatatu, Mwalimu!"

"Ndiyo, dada, usiku wa Jumatatu!"

Majirani wakatoka. Watu wazima wawili tunapigiana kelele maneno yaleyale, kila mmoja anamwona mwenzake mwendawazimu. Niliyoyasema mengine siyaandiki hapa. Nilimwita jina lile la kiporo. Nilimwambia hata chakula cha watu alikikosa, sembuse masomo ya watu.

Mama ndiye aliyeingia kati. Akanishika bega, akasema polepole, "Mwanaisha, nyamaza. Huyu ni mtu wa bara. Kwao usiku unafuata mchana wake."

Mama akamweleza. Kwetu usiku wa Jumatatu ni Jumapili jua likizama. Mwalimu akasikiliza, anatazama chini. Nilidhani atajitetea. Akakaa pale kizingitini, akafikiri, kisha akainua uso akamuuliza mama, si mimi.

"Kwa hiyo ule usiku wa Ijumaa, mlionialika maulidi... ilikuwa Alhamisi?"

Mama akasema ndiyo.

"Kumbe sikuchelewa," akasema. "Nilikuja usiku nilioambiwa."

Yule jirani mwenye domo alikuwepo, akaingia ndani kwake.

Wakuu, hapo ndipo kilio changu chote, cha bibi na cha chuo, kilipotoka. Mtu tulimcheka mwaka mzima. Mtaa mzima tulikuwa tunajua kaja siku gani na alitakiwa siku gani. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mwalimu wa hesabu, mtu asiyekosea hata desimali, amekosea siku. Lau mmoja wetu angelimweleza badala ya kumpa jina, leo ningekuwa mwaka wa pili.

Niliandika chuoni. Nikaeleza kuhusu msiba. Wakajibu kwa adabu kuwa wanasikitika, lakini kwa kanuni zao bibi hayumo katika ndugu wa karibu. Aliyenilea! Nikaeleza habari ya usiku. Wakajibu kuwa tofauti ya saa kati ya nchi ilikuwa imeandikwa wazi kwenye mfumo. Nikaandika tena, si tofauti ya saa, ni tofauti ya usiku. Hawakujibu tena. La kuvunda halina ubani.

Ripoti ikawa sifuri. Takwimu nikafeli. Ufadhili ukaenda kwa aliyekuwa kwenye foleni, na simlaumu.

Nilimwandikia pia yule mzee wa historia, kwa sababu aliisifu insha yangu ya mwaka unaoanza mwezi wa tatu. Nikasema huyu ataelewa. Na kweli alielewa! Alijibu siku ileile, barua ndefu, nzuri. Alisema kisa changu kimemgusa, ni mfano bora kuliko wowote aliowahi kuutumia, na akaomba ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi wake wa muhula ujao.

Kunisaidia, alisema, hilo haliko kwenye mamlaka yake.

Nikampa ruhusa. Ningefanyaje? Kwa hiyo kuna darasa huko Marekani linajifunza kuhusu usiku wetu, na mimi nimo humo kama mfano.

Yule mwenzangu wa kununua assignment kafaulu yote. Aliniandikia "pole sister". Sijamjibu.

Mwalimu Kalisti niliomba radhi mbele ya watu, palepale nilipomtukana. Akasema yameisha. Lakini hakuja tena kukaa uani kwetu kama zamani. Akipita anasalimia, "Hamjambo," anaendelea na njia. Zile nazi alizozipanga bado mama hajazivunja zote, sijui anangoja nini.

Nilichojifunza, wakuu? Sina kubwa. Ukimpa mtu siku, mpe na mchana wake. Sema Jumapili jioni, jua likizama, rudia mpaka akuone msumbufu. Na mgeni akikosea jambo ambalo hata mtoto halikosei, kabla hujacheka muulize anahesabuje. Mimi hilo nililiandika kwa Kiingereza kizuri nikapewa alama, na mtu wa kuliishi naye alikuwa nyumba ya tatu.

Nimeyatoa leo kwa sababu leo ni Alhamisi, na maulidi nyumbani kwetu ni leo jua likizama. Nilikwenda mwenyewe kumwalika Mwalimu. Nikamwambia, "Alhamisi. Alhamisi hii hii, jua likishazama." Akaniitikia, "Alhamisi, dada. Nimeelewa."

Amefika tangu saa tisa mchana.

Namwona hapa dirishani. Shati lilelile la pasi, mfuko wa sukari magotini, peke yake barazani. Mikeka haijatandikwa, nyama bado iko kwenye beseni. Hivi punde kapita mtu akamtania, "Mwalimu Kiporo, leo umewahi mpaka chakula kibichi!" Naye akatabasamu vilevile.

Kama kwenu usiku mnauhesabu kama sisi, au kama Mwalimu, andikeni hapo chini, na mseme mnatokea wapi, nataka kujua tuko wangapi tunaopishana hivi. Wa kucheka anicheke mimi, yeye mwacheni.

Nitasoma baadaye. Sasa hivi natoka nikamtandikie mkeka.